Chanjo Katika Frigo ya Bia

Jumatatu, 7 Oktoba 1974
Frigo ya ofisi ya mifugo ilikufa Agosti. Leo treni imeleta chupa mia mbili za chanjo ya kichaa cha mbwa, na joto hili! Nikapata wazo. (Nina miaka arobaini na saba, kitambi, na mawazo.) Mama Hortense ana baa kule Naviundu. Makaratasi ya siku hizi, yasiyotaka majina ya Kizungu, yanamwita Citoyenne (yaani Mwananchi) Ngosa. Walevi hawajui kusoma, kwao bado ni Mama Hortense. Baa ina frigo. Basi: Serikali ilete dawa na sindano, mama alete baridi. Mkubwa wangu, Dokta Mwaba, alisema ni kazi ya kizalendo, ila ikiharibika ni yangu. Nimesaini peke yangu. Fahari!

Jumatatu, 14 Oktoba
Mbwa ishirini na wanne wamechanjwa. Wa mwisho ni Kapita, mbwa wa Citoyen Nkandu, mkubwa wa mtaa. Jina linamfaa: kama kapita yeyote, msimamizi wa kazi, akiona mtu amekaa, lazima amkimbize. Vyeti vyote nimesaini mimi.

Jumatatu, 4 Novemba
Nilimpeleka Dokta kumwonyesha Kapita, mfano wa kazi yetu. Nikanyoosha mkono nimpapase. Akaniuma! Nkandu alicheka hadi machozi. Mimi pia nilicheka. Si amechanjwa?

Jumanne, 5 Novemba
Hajachanjwa! Au amechanjwa maji ya moto, ni yale yale. Nilikwenda kwa Mama Hortense kupoza mkono kwa chupa ya baridi. Akaniambia, bila haya, kwamba siku ya mshahara wa wachimbaji, kabla sijachanja mbwa, bia ilikosa nafasi, akatoa dawa yangu nje, siku mbili, juu ya mabati.
“Papa Kapya, ni nani anakunywaka bia ya moto? Mbwa haiulizake kama dawa iko baridi!”
Nikaiacha chupa mezani, nikarudi nyumbani.

Jumatano, 6 Novemba
Hospitali? Sindano kumi na nne za tumbo, na swali moja: mbwa alichanjwa? Nikisema ndiyo, wananirudisha nyumbani nife na cheti changu. Nikisema hapana, ninakwenda Kasapa, upande wa gereza, si wa chuo kikuu.
Njia ni moja. Mbwa mwenye kichaa hamalizi siku kumi baada ya kuuma. Nitamchunga Kapita. Siku kumi tu. Mungu wangu.

Ijumaa, 8 Novemba
Mgonjwa wa kichaa huogopa maji. Kila asubuhi ninajipima kwa kikombe. Leo nilipaliwa. Mvua ikaanza, nikaingia chini ya kitanda. Mke wangu Wivine aliniuliza kama ninatafuta viatu.
“Baba ya batoto, maji unaiangaliaka sana. Unywe ao umwange!”

Jumapili, 10 Novemba
Kapita amekataa kula! Nkandu ameniambia mwenyewe, huku anashangaa kwa nini ninapita kwake mara tatu kwa siku. Nimeandika wosia. Baiskeli kwa Wivine. Hofu yangu yote kwa Mama Hortense.

Jumatatu, 11 Novemba
Kapita alikuwa ameiba mguu wa mbuzi kwenye matanga ya jirani. Alikuwa ameshiba! Nimechana wosia. Baadaye nimeuunganisha tena. Zimebaki siku tatu.

Alhamisi, 14 Novemba
Siku ya kumi! Nilichungulia ua wa Nkandu nikiwa nimefumba jicho moja. Kapita akaruka, akanirarua suruali, akabweka kama tarumbeta. Mzima! Niliubusu ukuta.
Nimekaa nikafikiri kama mtaalamu. Mbwa mzima, kwa hiyo chanjo ni nzima, kwa hiyo ushirika wangu umefaulu. Dokta amenisifu, na amenipa chanjo ya kuku wa mkoa mzima.
Frigo moja haitoshi tena. Nimempata Citoyen Chileshe, mwenye lori la samaki wa Kasenga. Nilimwuliza barafu yake hudumu muda gani. Akasema mpaka samaki waanze kunuka.
Kipimo kizuri hicho, hakihitaji hata mashine. Nimesaini.