Mgahawa Wangu Wenye Dirisha Moja

Jumatatu, 19 Mei 2025

Tukuyu imeamka na ukungu. Mlima Rungwe hauonekani kabisa. Dalili njema! Mtu asiyeuona mlima huangalia karibu, na karibu nipo mimi, Asajile, na kirikuu changu, kigari kidogo cha mizigo.

Changu kwa maana ya moyoni. Kwa maana ya kadi ni cha shemeji Ackson, kaka yake mke wangu Jenifer. Amenipa wiki moja. Jumapili akikuta sina wateja, kinarudi kubeba ndizi kwenda Mbeya, nami narudi Mpuguso kuchuma chai na baba. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Akasema hana, wasiwasi ni wangu.

Ubavuni nimeandikisha MGAHAWA UNAOTEMBEA. Dirisha moja, nimelikata mwenyewe. Mlango mmoja, pembeni ya dirisha. Ndani jiko la gesi, na Jenifer, na sufuria ya mbalaga. Ndizi mbichi na nyama, lakini anavyozipika Jenifer mtu akipita husahau alikokuwa anakwenda. Nimeegesha juu ya mteremko wa Msasani, hapa hapa mjini. Chini kabisa ipo hoteli ya Bi Mwantum. Matofali matupu, haijatembea tangu ijengwe. Namhurumia mama wa watu.

Saa nne, foleni ya watu kumi na wawili! Nikafumba macho kidogo. Nikaona virikuu ishirini vikishuka kwenye ukungu, kimoja nyuma ya kingine, mpaka Kyela, vyote vina jina langu. Nilipofumbua, foleni haipo. Mama mmoja anapotelea migombani, uso ameuziba kwa mwavuli. Mzee mmoja anatazama angani kana kwamba ameitwa huko.

Saa tano, watu wote wale wapo kwa Bi Mwantum wanakula. Hii ni hujuma.

Jumanne, 20 Mei

Leo upelelezi. Nimevaa koti la mvua la Jenifer na kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi. Nikaingia kwa Bi Mwantum kwa mwendo wa mtu wa Kiwira.

Bi Mwantum akaniita Asajile kabla sijakaa. Akauliza miguu ya mama inaendeleaje. Akaniletea chai ya tangawizi na chapati, akasema koti la mke wangu limenipendeza. Mwanamke hatari sana huyu. Anakupiga kwa ukarimu.

Nilichokiona: hoteli ina mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Katikati pazia zito la kijani. Wazee wanakula upande huu, kina mama upande ule, sahani zinapita chini ya pazia. Nimeandika kwenye kiganja: milango miwili, hasara, upepo unaingia. Adui hana akili ya ujenzi.

Nilikula sahani mbili. Kwa ajili ya utafiti.

Jumatano, 21 Mei

Mpango mpya: spika. Nyimbo za kwaya tangu saa mbili. Watu walikuja! Wanane, kisha kumi. Mzee Ambindwile wa Lufingo alikuwa wa tatu, fimbo mkononi, anatikisa kichwa kwa wimbo. Nikalitoa jiwe nililokingia gurudumu, nikalikalia, nikautazama mlima. Ukungu ulikuwa umefunguka kidogo, nikaona bega lake tu, la kijani. Nikawaza namna virikuu vyangu vitakavyoonekana kutoka kule juu. Vidogo, vyeupe, vinatoa moshi mtamu.

Kelele! Agness, mke wa mtoto wa Mzee Ambindwile, alikuwa amejiunga na foleni bila kuinua uso. Alipoinua akaona kisogo cha mzee. Akachutama nyuma ya pipa la maji. Mzee naye akahisi, akashusha kofia mpaka kidevuni, akaondoka anapapasa kwa fimbo. Foleni yote ikakumbuka kuangaliana. Sekunde tano, nimebaki na kwaya.

Jenifer akacheka mpaka akashika dirisha. Akaniuliza mimi ni Mnyakyusa wa wapi. Nimesahau kwamba mkamwana hakutani na baba mkwe? Hamtazami, hamtaji jina, hata njiani anampisha kwa kuingia migombani. Sasa mimi nina dirisha moja na foleni moja, nimewapanga watu wenye heshima zao mgongo kwa kifua. Ndiyo maana ya pazia la Bi Mwantum. Ndiyo maana ya milango miwili.

Nimeona aibu ya kweli. Nimezaliwa hapa, nimekulia hapa. Nilijua. Ila nilikuwa natazama mlima.

Alhamisi, 22 Mei

Pazia! Kama yeye anaweza, mimi nashindwa nini? Nimechukua shuka letu la maua, nimelitundika kwenye kamba kutoka dirishani mpaka kwenye mti. Kulia wazee, kushoto kina mama. Kwa saa nzima ilikuwa nzuri ajabu. Ukungu unapita, shuka linapumua, sauti za watu pande zote mbili zinaongea taratibu kama kanisani. Nikajisikia nimejenga kitu.

Kisha upepo wa saa sita. Shuka likapanda mpaka juu ya kirikuu, likakaa huko. Mzee Jotham, fundi baiskeli, akajikuta ameshika sahani moja na mke wa mwanawe. Wote wawili wakaiachia.

Shuka limerudi lina mchuzi. Jenifer amenipa sabuni. Nimelifua mwenyewe.

Ijumaa, 23 Mei

Nimepata! Usiku sikuota kitu kingine. Nimeandika kibao: WAKAMWANA LEO. BABA WAKWE JUMAMOSI TU. Kila kundi na siku yake, heshima imelindwa, pazia la nini?

Kina mama walikuja kwa hofu, wakatazama huku na huku, wakasoma kibao, wakala. Agness alirudia. Jenifer alikuwa anaimba. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilimsikia akiimba, na nilifurahi kuliko nilivyofurahia wateja.

Sasa kesho ndiyo siku yenyewe. Wazee wakija, Ackson akasikia, kirikuu kimebaki. Na ili wazee waje nahitaji mzee wa kuwatangulia. Nimempigia baba Mpuguso. Baba hajawahi kuikubali kazi hii. Husema chakula hakina magurudumu. Nimembembeleza, nimemwambia kesho ni wazee watupu, hakuna mkamwana hata mmoja atakayesogea pale. Akauliza ni saa ngapi. Kisha akasema atavaa koti.

Baba anakuja! Ninachotaka duniani ni kumwona amesimama kwenye dirisha langu, ale, aseme ndaga. Neno moja tu la asante. Jenifer sijamwambia. Iwe zawadi.

Nimewaza kila kitu safari hii. Kila kitu.

Jumamosi, 24 Mei

Naandika na matope kwenye kucha.

Asubuhi ilikuwa kama nilivyoiota. Ukungu mzito, miavuli myeusi kumi na saba, kofia, fimbo, makoti. Hakuna mwanamke mteremko mzima. Baba akatokea kwenye ukungu na koti lake la Jumapili. Wazee wakampisha mbele. Nikafuta dirisha kwa mkono wa shati.

Akafika dirishani. Jenifer akainama na upawa kumwuliza anayefuata anataka nini.

Jenifer. Mke wangu. Mkamwana wa baba yangu.

Upawa ulianguka. Baba akageuka akautazama mlima, ambao haukuwepo. Jenifer akataka kutoka, lakini mlango nilioukata unatokea miguuni pa baba. Akapita kwenye tundu la kwenda mbele kwa dereva, akajikunja chini ya usukani, na goti lake likaikuta hendibreki.

Nikakumbuka jiwe. Lilikuwa pale pale nilipolikalia Jumatano.

Kirikuu kikaanza kuondoka. Polepole, kwa adabu, kama bibi harusi. Nilikimbia mbele nikakisukuma kwa mikono, nikawa nashuka nacho kinyumenyume nikiita jina la Yesu. Wazee kumi na saba wakafuata nyuma na sahani zao, maana chakula kilikuwa kinakwenda. Mzee Jotham alisoma ubavuni kwa sauti, akasema kumbe ni kweli kinatembea.

Kilisimama kwenye migomba ya Bi Mwantum, mlango wake ukielekea mlango wa nyuma wa hoteli. Hakuna aliyeumia. Kibao kimevunjika, herufi za ubavuni zimekwaruzika, na jina langu pia.

Bi Mwantum alikuwa ameshafika. Akamfunika Jenifer khanga, akampitisha nyuma. Sufuria ikafuata. Wazee wakaambiwa karibuni mbele. Pazia likashushwa. Jenifer anapakua upande huu, sahani zinapita chini, baba anakula upande ule.

Mimi nilikuwa nimesimama mlango wa nyuma, jasho linanitiririka, nikasikia. Baba alikula sahani mbili. Akasema kwa sauti wasikie wote: ndaga fijo. Akamwambia Bi Mwantum kwamba tangu mama yake mzazi afe hajala mbalaga ya namna hii, na aliyeipika abarikiwe mikono.

Jenifer alikuwa na upawa mwingine mkononi. Miaka tisa yumo katika ukoo wetu, hajawahi kusikia baba akimzungumzia, kwa jema wala baya. Alikaa kwenye gunia la mchele, akalia huku anacheka. Nikataka kumkumbatia, ila nilikuwa na matope mpaka kifuani.

Neno langu limesemwa. Limesemwa ndani ya matofali, akaambiwa Bi Mwantum. Baba aliponikuta nje alinifuta tope begani, akasema chai ya Mpuguso imekomaa.

Jumapili, 25 Mei

Ackson amekuja na kamba. Amesikia yote, Tukuyu nzima imesikia. Akaondoa jiko, akapakia ndizi. Kilipokuwa kinapanda mteremko niliona herufi zilizobaki ubavuni: TEMBEA. Nilikipungia mkono. Nimelia kidogo, sifichi.

Bi Mwantum amemwomba Jenifer awe anapika mbalaga kwake kila siku, nyuma ya pazia. Jenifer amekubali kabla sentensi haijaisha. Nami nimepewa nafasi ya kumenya ndizi. Bi Mwantum alisema naweza kukaa pale mlangoni, mlima unaonekana vizuri.

Na kweli unaonekana. Leo ukungu umeondoka wote. Nimemenya, nimetazama, nimetafakari makosa yangu kwa uaminifu. Sitaki kuwa mtu asiyejifunza.

Kosa nimeliona. Lilikuwa dirisha moja!

Kwa hiyo madirisha mawili. Na madirisha mawili ni virikuu viwili, mgongo kwa mgongo: kimoja cha wakamwana, kimoja cha baba wakwe. Hakuna pazia, hakuna kibao, hawaonani milele. Tutaegesha juu zaidi, kule mteremko unakoanzia, ili watu watuone tangu mbali. Ackson nimeshamtumia ujumbe. Hajajibu, nadhani anahesabu mikungu.

Wahudumu nao nimeshawapanga kichwani. Dirisha la wakamwana nitasimama mimi, nina lugha nzuri. La baba wakwe linataka mtu mwenye mkono wa mbalaga, ambaye wazee wameshamsifu. Nitamweka Jenifer.

Na siku ya ufunguzi, wa kwanza kualikwa ni baba.