Majani ya Madamu

Jumanne, 2 Juni 1970
Siku njema! Baba Placide, mpishi wetu mkuu, anastaafu, anarudi Kasai. Nafasi yake itamwendea mmoja wetu: minye mwenyewe au Mathieu, mpishi mwenzangu. Pamoja nayo, nyumba ya matofali yenye bomba ndani. Mélanie, mke wangu, ameshaanza kuchagua mapazia.

Madamu, mke wa bwana wetu, injinia Mwitaliano, alituita bustanini. Akatuonyesha majani aliyoyapanda kwa mbegu za kwao. Jumapili ana wageni. Atakayeyaandaa vizuri ndiye mpishi mkuu. Akauliza kama tunayajua. Mathieu, bila haya, akasema hayajui. Minye nikasema nayajua tangu utoto. Sijawahi kuyaona hata siku moja!

Jumatano, 3 Juni
Nimeiba jani moja, nikalificha ndani ya kofia, nikapiga baiskeli hadi soko la Kikula. Mama Adrienne anauza mboga pale miaka kumi na tano. Akalinusa, akaligeuza. Si lengalenga. Si matembele. Akatafuna kidogo, akatema. Uchungu na ukali kama pilipili! Akasema yeye angewapa sungura. Akanishauri nimuulize mwenye bustani. Mtu aliyejigamba anayajua tangu utoto aende kuuliza? Heri kufa.

Ijumaa, 5 Juni
Nimegundua! Nilikuwa namenya viazi, akili ikafunguka. Jani chungu linataka kutwangwa na kuchemshwa mpaka lishike adabu. Si ndivyo tunavyofanya sombe, majani ya muhogo? Waitaliano nao ni watu. Nimeazima kinu cha Mélanie, nimekificha nyuma ya stoo.

Nimemwona Mathieu bustanini na Madamu, anamuuliza hili na lile kama mtoto wa darasa la kwanza. Nimemhurumia. Kidogo tu.

Jumapili, 7 Juni
Naandika haya, Mélanie bado hajajua.

Nilitoka misa ya kwanza, nikakuta Mathieu amechuma bustani nzima. Ameosha majani, ameyaweka kwenye bakuli, mabichi! Mwenyewe ameenda sokoni kutafuta ndimu. Nikasema moyoni: maskini, hajui hata kwamba yanapikwa. Bahati yangu hiyo. Nikabeba bakuli lote. Kinu, magadi, vitunguu, karanga, mawese. Masaa matatu motoni! Bakuli zima likawa kikombe kimoja cha uji wa kijani.

Nilipeleka mezani mwenyewe, kifua mbele. Wageni wakainua uma zao. Madamu akauliza rukola yake, yaani yale majani, iko wapi. Nikamwonyesha kikombe. Macho yakamjaa machozi. Mbegu zile alipewa na mama yake, na sasa hakuna jani hata moja bustanini. Kumbe huliwa mabichi, kwa mafuta na ndimu, basi. Injinia alionja kijiko kimoja, akanywa glasi tatu za maji.

Jikoni Mathieu hakunifokea. Aliniambia polepole: "Damas, minye nilimuuliza Madamu. Weye ungeniuliza minye."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumatatu, 8 Juni
Mathieu ndiye mpishi mkuu. Minye nimepewa kuosha sahani. Nilimweleza Mélanie kwamba nimeponzwa na wivu. Akauliza wivu wa nani. Nikazima taa. Amelala akinipa mgongo, na kusema kweli moyo unaniuma.

Alhamisi, 11 Juni
Mambo yanageuka! Madamu ameleta jikoni mboga nyingine ya kwao, vichwa sita kwa ajili ya wageni wa leo jioni. Chini nene na nyeupe, juu manyoya ya kijani, inanukia kama dawa ya kikohozi. Mathieu aliniambia niioshe tu, nisifanye lolote bila kumwuliza. Maskini Mathieu, cheo kimempanda kichwani. Pua yangu inatosha. Ni dawa! Na injinia anakohoa tangu Jumatatu.

Nimezichemsha zote sita. Nimempelekea injinia sufuria nzima ofisini, nikamwambia amalize.

Nasikia Madamu anaita jina langu huko nje kwa sauti kubwa. Nafunga daftari, nikapokee shukrani.