Feni ya Rejeta na Harusi ya Rumaisa

Jumatatu, 11 Novemba

Siku njema kuliko zote mwaka huu! Rumaisa, binti wa marehemu kaka yangu Azan, alikuja dukani baada ya alasiri. Jumamosi anapelekwa ukumbini Mbezi Beach. Ameomba nimpeleke mimi, kwa gari lile lile alilolinunua baba yake. Anasema akikaa kiti cha nyuma atahisi baba yupo. Nilikubali kabla hajamaliza, kisha nikajifanya natafuta balbu chini ya kaunta, maana macho yalikuwa yameloa.

Sikumwambia kwamba gari linachemsha. Likitembea halina neno. Likisimama kwenye foleni, mshale wa joto unapanda hadi juu kabisa. Shemeji yangu Talha, kaka wa mke wangu, anajua. Jioni alipita kusema gari lake, jipya, lenye kiyoyozi, litakuwa tayari endapo. Endapo nini? Hakumalizia. Ana tabia hiyo.

Nimebandika stika ya maua juu ya mshale. Dashibodi imependeza na roho imetulia.

Jumanne, 12 Novemba

Stika haizuii mvuke. Mwenge, taa nyekundu, boneti ikafuka mpaka watu wakatoa simu kupiga picha. Lilipopoa nikalipeleka kwa fundi Gervas, hapa hapa Mwananyamala. Alitazama dakika mbili tu. Feni ya rejeta haizunguki. Akaniasa nisiguse kitu kabla ya kupima fyuzi na relei, kile kidude kinachoiwasha feni, au nimwachie gari nusu siku.

Nusu siku! Gereji yake iko njiani kwa Talha, angeliona gari pale. Nilimwambia Gervas nitalishughulikia mwenyewe. Nauza vifaa vya umeme mwaka wa ishirini huu.

Jumatano, 13 Novemba

Ushindi! Fyuzi nimeiruka, relei nimeiruka. Waya moja kwa moja kutoka kwenye betri hadi kwenye feni. Swichi ya ukutani, nyeupe, ya chumbani kabisa, nimeifunga chini ya usukani. Nikabonyeza, feni hiyo! Upepo wake ulipeperusha kofia ya Talha, aliyekuwa amesimama mbele ya gari kunichunguza. Niliomba radhi kwa furaha kubwa.

Aliokota kofia, akauliza kwa nini upepo unatokea mbele. Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo nguvu yenyewe. Wivu umemjaa.

Alhamisi, 14 Novemba

Aibu. Kwenye foleni ya makutano ya Morocco gari limechemka haraka kuliko juzi. Nikakumbuka dawa ya madereva wa zamani: washa hita, joto la injini lihamie ndani. Na kweli, mvuke ulipungua! Ndani, hata hivyo, palikuwa tanuri. Mke wangu Naima alivumilia dakika tano, akashuka, akapanda bajaji.

Bado nina mpango. Bibi harusi lazima afukizwe udi. Basi! Chetezo kitawaka ndani ya gari, moshi utatoka madirishani, na mvuke wa boneti utaonekana ni udi uliozidi. Jasho la Rumaisa tutasema ni haya. Nilimweleza Naima. Aliuliza kama nampeleka mtoto harusini au namkausha kama ng'onda.

Ijumaa, 15 Novemba

Ndoa imefungwa msikitini baada ya sala. Kisha Rumaisa alikuja, mikono imejaa hina mbichi, hawezi kushika kitu. Akaomba nimfungulie mlango wa gari akae kidogo nyuma. Aliegemea kiti, akafumba macho. Halafu akasema Talha amempigia simu mara mbili kumshawishi apande gari lake, naye amemjibu kwamba ami yake hawezi kumtia aibu.

Alipoondoka nilijiona mdogo kama sisimizi. Nikaweka chetezo chini, nikaenda kwa Gervas mchana kweupe. Talha aone kama anataka kuona.

Gervas alicheka hadi akakaa juu ya tairi. Nyaya nilizigeuza! Feni ilikuwa inazunguka kinyume, inasukuma hewa mbele badala ya kuivuta ipite kwenye rejeta. Aling'oa swichi yangu, akabandua maua yangu, akapima. Fyuzi nzima. Relei imekufa. Kidude kidogo kuliko kiberiti! Akaweka kipya, akarudisha nyaya mahali pake, tukaiacha injini ikinguruma. Mshale ukapanda hadi katikati. Feni ikawaka yenyewe! Joto likashuka, ikazima. Ikawaka tena. Sijawahi kusikia sauti tamu namna ile. Nilimkumbatia Gervas na grisi zake zote, nikiwa na kanzu ya Ijumaa.

Jumamosi, 16 Novemba

Dakika arobaini Mwenge bila kusogea. Mshale katikati, umetulia. Feni ilipowaka Rumaisa aliisikia. Akanigusa bega, akasema baba naye alikuwa akipenda kusikiliza injini.

Tumefika! Vigelegele, matarumbeta, watu mlangoni. Ameshuka mkavu, wanja haujasogea. Alhamdulillah, alhamdulillah! Nimeshusha pumzi niliyoibana tangu Jumatatu. Talha alikuwa nyuma yetu njia nzima. Alifungua buti akanionyesha madumu matatu ya maji aliyokuwa ameyabeba kwa ajili yangu. Nimemsamehe mengi.

Jumapili, 17 Novemba

Rumaisa amepiga simu. Jumanne yeye na mumewe wanakwenda Tanga kwa wakwe, na anataka niwapeleke stendi ya Mbezi Luis. Nimefurahi sana.

Mchana, nikirudi kutoka sokoni, taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi, ile yenye picha ya kopo la oili. Nikampigia Gervas. Akasema nizime injini hapo hapo nilipo kabla haijafa, nisisogee hata hatua, atakuja. Lakini nilikuwa nimebakiza mitaa miwili tu, nikaendesha. Talha naye, sijui nani kamwambia, ameuliza kama aje na gari lake Jumanne.

Nimewashukuru wote wawili. Kisha nimechukua bisibisi dukani, nimefungua dashibodi, nimechomoa balbu ya ile taa. Haiwaki tena. Nimemtumia Rumaisa ujumbe kwamba gari limepona.