Shimo la Samadi Lililofunikwa Vizuri Mno

Jamani, leo nimepatikana. Nimeoga, nimerudia kuoga, na bado mke wangu ameniwekea kiti changu nje.

Huku kwetu Kinyinya nyumba zinazidi kuota, nami bado nafuga ng'ombe nyuma ya nyumba. Anaitwa Gaju, zawadi ya baba mkwe. Mvua za juzi zilisomba samadi ya mtu hadi kwenye kijito cha bondeni (si yangu, naapa), majirani wakalalamika. Mkuu wetu wa mudugudu, yaani wa mtaa, Mama Diane, akasema leo atakuja na kamati kukagua ninavyohifadhi samadi. Kama mvua inaifikia, Gaju anahama. Sasa ng'ombe wa mkwe unamrudishaje?

Nikaamka mapema. Shimo ninalo, nimelisakafia kwa saruji. Kilichokosekana ni kifuniko. Nikalaza fito, nikatandika turubai, juu yake nikapanga nyasi mbichi ili papendeze. (Kupendeza ndiko kulikoniponza.) Ungepita usijue pana shimo.

Wakafika. Nikaanza kuwaeleza: maji ya mvua yanapita huku, samadi inabaki kule. Nilikuwa narudi kinyumenyume huku nikinyoosha mkono kama mwongoza watalii.

"Muzee, shimo yenyewe iko wapi?" akauliza Mama Diane.

"Iko hapa hapa," nikasema, nikarudi hatua moja.

Fito zikalia kidogo. Halafu nikawa ndani, hadi kiunoni.

Mke wangu, Konsolata, aliyekuwa mlangoni na sinia la chai, akageuka akarudi jikoni. Nikamsikia akicheka huko. Gaju alinitazama, akaendelea kutafuna.

Mama Diane akachuchumaa ukingoni. Nilidhani ananipa mkono. Kumbe anakagua.

"Urefu iko sawa," akawaambia wenzake. "Muzee, huko chini haivuji?"

"Haivuji, mama."

"Gusa ukuta vizuri."

Nikagusa. (Ningefanya nini?)

"Iko kavu pande zote?"

"Pande zote, isipokuwa mimi."

"Basi ng'ombe abaki. Lakini weka uzio, na ufunike na mabati. Hii yako inazuia mvua, haizuii mutu."

Ndipo wakanivuta.

Baba mkwe ameshapiga simu. Hajauliza hali ya ng'ombe. Ameuliza samadi ilinifika wapi. Nimemwambia kwenye vifundo vya miguu. Mliokuwepo, nawaomba msinisahihishe.