Vita vya Fomu Namba Saba na Ukombozi wa Ruta

Sogeeni, nyinyi nyote mliowahi kukodolea macho kile kiduara kinachozunguka kwenye kioo cha kompyuta bila kufika popote; sogeeni na nyinyi mliosimama mbele ya mlango uliofungwa mkaambiwa mwenye ufunguo katoka kidogo. Tulieni, maana nitakayosimulia ni mambo makubwa: jinsi kijisanduku chenye uzito wa kandambili moja kilivyotekwa na kutiwa kifungoni, jinsi majeshi mawili yalivyokabiliana kwa kalamu ya wino juu ya karatasi za nakala tatu, na jinsi istilahi tukufu zilivyoanguka uwanjani moja baada ya nyingine, miguu juu. Nipe pumzi, ewe feni ya dari, wewe uliyeshuhudia yote ukizunguka kwa namba moja tu, kwa kuwa namba mbili na tatu ziliharibika zamani.

Ilikuwa siku ya mwisho ya kusajili watahiniwa. Kituo kile cha elimu ya watu wazima kilikuwa na madarasa matatu, ofisi moja na ghala moja, na ofisini alikaa shujaa wetu, Mpiga Chapa, Binti wa Fundi Cherehani, Mwenye Stashahada ya Uhazili na Kompyuta, Mwenye Vidole Kumi Visivyohitaji Macho. Mezani kwake palikuwa na orodha ya majina arobaini na moja: wachuuzi, walinzi, mafundi, bibi mmoja mwenye wajukuu tisa, wote wakitaka kufanya mtihani wa sekondari waliouacha njiani ujanani. Orodha ilitakiwa kufika kwenye tovuti ya baraza la mitihani kabla ya saa tisa alasiri, na baraza halikupokea kitu kutoka simu ya mtu wala kibanda cha mtaani. Lilipokea kutoka mtandao wa kituo peke yake, kwa anwani iliyosajiliwa. Aliyechelewa angengoja mwaka mzima.

Na jina la ishirini na saba lilikuwa la mama yake. Mama huyo, Fundi Cherehani, Mkata Vitambaa Bila Chaki, aliacha shule mwaka uleule alioubeba ujauzito wa shujaa wetu, hivyo anayetafuta wa kulaumiwa hana haja ya kwenda mbali.

Saa nne na robo alipoifungua tovuti, mtandao ulikuwa umekufa.

Mpiga Chapa akafanya yote yanayowapasa mashujaa. Akaizima kompyuta, akaiwasha. Akaipuliza vumbi. Akaitazama kwa jicho ambalo lingemtoa jasho binadamu yeyote. Hatimaye akainuka kukagua rafu ya dirishani ambapo ruta ya kituo ilikaa miaka yote, na lo, hapakuwa na ruta. Palikuwa na mraba safi katikati ya vumbi.

Kumbe jana, Mkuu wa Kituo, kabla ya kusafiri kwenda mkutanoni ambako simu yake haikupatikana, alikuwa ametoa amri. Birika la umeme lilikuwa limepotea, naye akaagiza kwamba kila kifaa chenye namba ya mali ya kituo kifungiwe. Na aliyepewa amri hiyo hakuwa mtu wa kutekeleza nusu. Alikuwa Bwana Ghala, Mfunga Kufuli, Mwenye Funguo Kumi na Tisa. Aliibeba ruta mikononi kama mtoto mchanga, akaitia ndani ya Kabati la Chuma, na kwa kuwa si mjinga, akapitisha nyaya zake kwenye tundu la nyuma ili isikose umeme wala laini.

"Inawaka," akasema Bwana Ghala, shujaa wetu alipomfikia. "Nimeiangalia asubuhi. Taa nne, zote kijani. Ina raha kuliko mimi."

"Inawaka, mzee, lakini kompyuta yangu haiipati. Umeifungia ndani ya chuma."

"Nimeilinda ndani ya chuma."

"Naomba uifungulie."

Hapo Bwana Ghala akajitengeneza kwenye kiti, akakohoa kikohozi cha hotuba, akanena: "Binti, sikiliza. Miaka ishirini na miwili nimezishika funguo hizi. Mwaka fulani nilitoa kitu humu, fomu imeandikwa: kifaa cha umeme, kimoja. Ilikuwa projekta. Iliyorudi ilikuwa pasi. Nikaipokea, kwa sababu ilikuwa kifaa cha umeme, na ilikuwa moja. Tangu siku ile hakitoki kitu kwenye kabati hili bila Fomu Namba Saba, na Fomu Namba Saba haipiti kwangu mpaka kitu kielezwe hivi kwamba mtu asiyekijua akisoma, atakijua akikiona. Na chini pale kuna mstari: kikikosekana, ni nani ataumia. Mstari huo nao usiachwe wazi."

"Hiyo tu?" akauliza Mpiga Chapa, na midomo yake ikacheka. Mtu mwenye stashahada, kuombwa aeleze ruta. Akaichukua fomu, akaandika kwa mwandiko ulionyooka kama reli: *Ruta ni kifaa cha tabaka la tatu kinachoelekeza pakiti za data baina ya mitandao kwa kufuata itifaki.*

Bwana Ghala akavaa miwani. Akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena.

"Tabaka la tatu," akasema. "La kwanza na la pili yako wapi? Mimi nimepokea kimoja."

"Ni namna ya kusema, mzee. Ni mfumo."

"Na itifaki ni kitu gani? Nayo iko kabatini?"

Akafungua droo, akatoa muhuri aliouchongesha kwa hela yake mwenyewe, akaugonga: HAIELEWEKI.

Enyi mnaosikiliza, mlio ule ulisikika hadi darasa la hesabu.

Shujaa akarudi mezani, akajifunga kibwebwe upya. Akaandika itifaki: *seti ya kanuni zinazotawala ubadilishanaji wa data.* Akaandika data: *taarifa ghafi katika mfumo wa dijitali.* Akaandika seva: *kompyuta inayotoa huduma kwa kompyuta tumizi.* Kila neno aliloliua lilizaa mawili. Alipoeleza mtandao ikabidi aeleze nodi, alipoeleza nodi ikabidi aeleze kiolesura, na kiolesura kikamtazama yeye wakatazamana. Saa sita na nusu alikuwa na viambatisho saba, vyote vimefungwa kwa pini, akavipeleka ghalani kama anayewasilisha bajeti ya taifa.

Bwana Ghala alivisoma vyote. Hakuruka hata kimoja, na hilo ndilo lililoumiza.

"Mwanangu," akasema, "umenieleza nisichokijua kwa kitu nisichokijua, kisha hicho nacho ukakieleza kwa cha kwanza. Nimezunguka humu nusu saa, nimetokea nilipoingilia."

HAIELEWEKI, mara saba.

Saa saba na dakika ishirini, wakati shujaa wetu amekaa sakafuni koridoni, mgongo ukutani, akihesabu majina arobaini na moja kama jemadari anayehesabu maiti kabla hawajafa, mlango wa mbele ukagongwa.

"Hodi ofisini," akasema Fundi Cherehani, utepe wa kupimia shingoni, nyuzi za rangi tatu begani. "Nimekuja kuangalia kama jina langu limekwenda, Mwalimu."

Inafaa mjue kwa nini alimwita hivyo. Kila Jumamosi Mpiga Chapa alifundisha darasa la kompyuta pale kituoni, kwa kuwa mwalimu hakuwapo. Wiki mbili nyuma alitoa jaribio: eleza maana ya istilahi kumi. Mama yake alipata tatu kwa ishirini, na pembeni, kwa kalamu nyekundu, yakaandikwa maneno haya: *Jibu kama kitabu.* Tangu hapo nyumbani kulikuwa na Mwalimu karibu mezani, na Mwalimu naomba unipishe, na halikuwa jina la heshima.

"Halijaenda, mama."

"Halijaenda, au nalo umelipatia tatu kwa ishirini?"

"Mama, mtandao haupo. Ruta iko kabatini, na mzee hataki kuitoa mpaka nimweleze ni nini."

"Basi mweleze. Una cheti ukutani."

Bwana Ghala alitokeza kichwa mlangoni. "Dada, shikamoo ya mwanao nimeipata, na mwandiko wake ni wa kadi ya harusi. Ila sielewi anachotaka."

"Hata mimi, kaka. Tangu ana miaka miwili."

Kisha yule mama akauliza, polepole, ni neno gani linalosumbua. Akaambiwa. Akatia mkono kwenye mkoba wa vitambaa, akatoa daftari lenye jalada lililochanika, akalamba kidole, akafungua ukurasa uliojaa alama nyekundu kama uwanja wa mauaji.

"Ruta nimeiandika hapa," akasema. "Ilipata sifuri. Nisome?"

"Soma," akasema Bwana Ghala.

"Ruta ni kijisanduku chenye taa kinachokaa kati ya nyumba na dunia. Kinajua kila kompyuta ya humu ndani imekaa wapi. Cha kwenda nje hukipitia, cha kuingia hukipitia, na hakichanganyi cha huyu na cha yule."

"Hakichanganyi kabisa?"

"Hakichanganyi. Kingekuwa hicho kimekaa ghalani, kisingepokea pasi."

Kituo kizima kilijua habari ya pasi. Bwana Ghala akatikisa kichwa, akakubali pigo, akavuta kiti. "Na itifaki?"

"Itifaki ni adabu ya mashine. Moja inabisha hodi, nyingine inaitika karibu, ndipo mzigo unatolewa, na aliyepokea anasema nimepata. Asiposema, mzigo unaletwa tena."

"Kama hapa kwangu."

"Kama kwako. Seva ni kompyuta iliyo mbali, isiyo na kazi nyingine ila kungoja kuombwa. Wakiiomba watu wengi kwa mara moja inachelewa, lakini hainuni. Nywila ni neno lako la kuingilia, ukimwambia jirani halifai tena. Waifai ni maneno ya ruta yanayosafiri hewani bila waya. Kwenye pazia yanapita. Kwenye ukuta yanachoka. Kwenye chuma yanarudi yalikotoka."

Bwana Ghala akaligeukia kabati lake.

"Yanarudi yalikotoka," akasema.

"Ndivyo nilivyoandika."

"Kwa hiyo tangu jana inaongea peke yake humo ndani."

"Tangu jana, kaka."

Na sasa, wasikilizaji, ndipo vilipofika vita vyenyewe, maana vile vya kabati vilikuwa vya kupasha misuli. Fomu mpya ilikuwa mikononi mwa Mpiga Chapa, na maneno ya kuijaza yalikuwa kwenye daftari ambamo yeye mwenyewe, kwa mkono wake huu wa stashahada, alikuwa ameyakata moja moja. Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika tano. Pande mbili zikapigana kifuani mwake, na upande wa stashahada ulikuwa na silaha bora.

"Mama, naomba daftari ninakili."

"Kunakili ni kosa la jaribio. Nani alituambia?"

"Mimi."

"Basi?"

Shujaa akameza kitu kikubwa kuliko ruta. "Naomba unisomee, niandike."

Akasomewa. Akaandika, neno kwa neno, hata pale alipotamani kupachika kiolesura akajizuia, na kila sentensi iliyoteremka ilimkuta Bwana Ghala akiitikia kwa kichwa. Wakafika mstari wa chini: kikikosekana, ni nani ataumia.

Mama akafunga daftari. Hilo hakuwa nalo.

"Andika: fundi cherehani mmoja, miaka arobaini na sita, aliyetoka darasani tumbo likiwa kubwa, pamoja na wenzake arobaini."

"Mama."

"Andika. Tumbo lenyewe ni wewe."

Akaandika. Hakutazama vidole, wala hakutazama mtu.

"Jina la mtoa maelezo ni la dada," akasema Bwana Ghala, "maana maelezo ni yake. Na cheo?"

"Mtahiniwa," akasema Fundi Cherehani.

"Bado, dada. Hapa tunaandika kilichopo. Tukiache wazi kwanza."

Akagonga muhuri wa pili, ambao wino wake ulikuwa haujatumika siku nyingi: KITOLEWE. Akachagua ufunguo wa kumi na nne bila kutazama, mlango wa chuma ukalia, na ruta ikatoka kifungoni, taa nne zikipepesa. Hakumwachia mtu. Aliipeleka rafuni kwa mikono yake, akaivutia nyaya zake, akaiweka palepale kwenye mraba usio na vumbi, kisha akarudi nyuma hatua mbili ili maneno yapite.

Kompyuta ikaomba nywila. Bwana Ghala, aliyekuwa ameijua maana yake nusu saa tu, akageukia ukutani. Fundi Cherehani akageuka pia. Wakasimama hivyo, mabega sawa, mpaka vitufe viliponyamaza.

Kiduara kikazunguka. Saa nane na dakika arobaini kikazunguka. Saa nane na dakika hamsini, huko mbali seva ikiombwa na vituo vyote kwa mara moja, kikazunguka bado.

"Hainuni," akanong'ona Bwana Ghala. "Inachelewa tu."

Saa nane na dakika hamsini na sita kioo kikaandika: Imepokelewa. Watahiniwa 41.

Mama alilivuta daftari mkobani, akalifungua juu ya kibodi, ukurasa wa mauaji. "Sahihisha upya. Kwa kalamu ileile."

Mpiga Chapa akaitafuta ile nyekundu, akasahihisha. Ilimchukua muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Akaandika kumi na nane.

"Namba tisa bado ni kosa, mama. Diski na kumbukumbu ya muda si kitu kimoja."

"Najua. Namba tisa nilibahatisha."

Basi na ijulikane na vizazi vyote vitakavyowahi kungoja mtandao: siku ile ruta ya kituo ilirudi dirishani, watu arobaini na mmoja wakaandikwa kwenye kitabu cha baraza, na tabaka la tatu halikutajwa tena ndani ya nyumba ile. Fomu yenyewe ipo, kwenye faili la kijani, rafu ya pili ya Kabati la Chuma. Ukiifungua utaona sehemu ya cheo imejazwa kwa wino tofauti, kwa sababu saa tisa kamili Bwana Ghala alimfuata Fundi Cherehani hadi kwenye lango, kalamu mkononi, akamwambia, "Dada, kuna nafasi ulituachia wazi," naye akaiegemeza fomu kwenye nguzo ya lango akaijaza.