Jiko Langu Kusingiziwa Kuwa Nyota

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Kituo cha Darubini,

Natumai barua hii itakukuta mzima. Mimi ni mpishi wa kituo, huu mwaka wa kumi na tisa. Jumatatu ulibandika tangazo kwenye mlango wa jiko langu: lifungwe, watu wale mikate mikavu, nami nihamie stoo kuhesabu balbu hadi majaribio ya mashine mpya ya darubini yaishe. Sababu ni kwamba mashine hiyo huona joto kama mwanga, na kila ikijaribiwa, kwenye picha hujitokeza doa jeupe ambalo si nyota. Mmeamua doa ni jiko langu. Nimeumia sana. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, kwa hiyo naomba nisikilizwe kwa utaratibu.

1. Joto si mwanga. Nilifunga madirisha, nikazima taa, nikakaa na sufuria ya maharage yanayotokota. Sikuona kitu. Niliungua kidole.

2. Wataalamu wana namna nne za kutazama, wanazijaribu moja moja. Ya pili nimeelezwa na mhandisi wetu mdogo, binti tunayemwita Vipimo: darubini hutazama nyota, kisha husogezwa pembeni itazame mahali patupu, halafu picha ya hapo patupu hutolewa kwenye picha ya nyota. Juzi watu watano wenye shahada walitazama mahali patupu saa tatu nzima, wakaandika. Mimi nikitazama dirishani dakika tano naitwa mvivu.

3. Mashine hupozwa kwa baridi ambayo hata friji langu haliijui. Anayependa baridi kiasi hicho ndiye angehamia stoo.

4. Doa hung'aa zaidi saa kumi kamili jioni, upande wa kushoto. Jiko liko kulia. Na saa kumi mimi siko jikoni kabisa. Muulizeni mlinzi wa kuba la darubini, ndiye hunifungulia mlango. Kikulacho ki nguoni mwako: mhalifu atafutwe humo humo ndani ya kuba.

5. Kama ni lazima kila chenye joto kifungwe, tuanze na watu. Jumatano wewe mwenyewe, Mheshimiwa, ulipita mbele ya mashine ukiwa umekasirika. Sijaona umebandikwa tangazo.

Kwa hayo naomba jiko lifunguliwe, doa lihojiwe, na niombwe radhi mbele ya wafanyakazi wote. Miaka yote hii sijalaza mtu njaa. Leo watoto wa watu wanatafuna mkate mkavu huku wanatetemeka, nami nina funguo mfukoni zisizofungua kitu. Naona aibu kuwatazama.

Msalimie mama watoto, katibu muhtasi, dereva, na nyota pia, zile za kweli.

Wako mtiifu,
Mpishi (kwa sasa Mhesabu Balbu)

Tanbihi: Stoo wamenipa zamu ya jioni, hivyo leo sitaweza kufika kwenye kuba. Naomba mlinzi aniwashie birika langu la umeme. Liko nyuma ya mashine, upande wa kushoto, chini ya turubai, nilipoliweka siku majaribio yalipoanza, maana Vipimo alikuwa anakohoa kwa baridi. Aliwashe saa kumi kamili, tafadhali asichelewe. Mtoto bado hajapona.