Safu ya F na Maadui Wangu Watatu

Jumamosi, 1 Februari

Tumefungwa tatu bila. Nyumbani! Tena na timu ambayo basi lake liliharibika njiani, wachezaji wakavalia jezi kando ya barabara. Kocha wetu Julian, yule wa koti la kubana, alisimama pembeni mwa uwanja akibonyezabonyeza kikompyuta chake kama karani wa mapokezi. Anaandika nini? Tatu. Bila. Funga daftari, nenda nyumbani.

Ila hilo si kubwa. Mapumziko, pai mkono huu, Maisie mkono huu (mwanangu, anaota meno, mimi sijalala tangu Krismasi), kipaza sauti kikatangaza kwamba mmiliki ana habari njema. Mmiliki ni Bwana Vance, Mmarekani aliyetajirika kwa kuuza vitanda vya mbwa. Habari njema yenyewe: msimu ukiisha, katikati ya jukwaa la mashariki patabomolewa. Patajengwa ukumbi wa vioo kwa wageni waheshimiwa. Viti vya ngozi. Mvinyo. Watu watakaokuja kuupa mpira mgongo!

Katikati ya jukwaa la mashariki ndiyo safu ya F. Na safu ya F ndiko kiliko kiti chetu. Babu alikikalia, baba akakirithi, na baba alipofariki mwaka juzi nikakirithi mimi. Chini yake baba alichora jina lake kwa ufunguo wa gari. Wenzetu hurithi nyumba na mashamba. Sisi wa Ackerdale tunarithi plastiki ya bluu, na tunaililia kweli.

Mzee Clive, rafiki wa baba anayekaa nyuma yangu, alitukana mpaka Maisie akanyamaza amsikilize. Philippa yeye akanigeukia kwa upole kuniambia nisiwe na wasiwasi, kuna taratibu. Philippa! Amehamia kutoka London juzi tu, leo ni katibu wa chama cha mashabiki. Na shingoni kavaa skafu ya nusu kwa nusu, huku rangi zetu, huku rangi za waliotufunga. Ukumbusho wa mechi, eti. Hapa kwetu skafu ya namna hiyo huvaliwa na mtalii au msaliti. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na huyu kamba yake kaifunga shingoni.

Nimeapa. Nitawaondoa wote watatu: mmiliki, kocha, Philippa.

Jumapili, 2 Februari

Mpango umepatikana! Mipira ya tenisi. Jumamosi ijayo tutaimwaga uwanjani, mechi isimame, nchi nzima ituone, Vance aone aibu arudi kwa mbwa wake. Klabu nyingine zimefanya. Mipira nitakusanya kwa watu wanaotembeza mbwa bustanini.

Mume wangu Craig akauliza kama si afadhali nilale. Nikamwambia nitalala Vance akiondoka. Akasema kelele za mlango hazimzuii mwenye nyumba kulala. Nikamwambia huyu mwenye nyumba hajawahi hata kulala humu, anakuja kwa helikopta na anaondoka kabla ya kona ya mwisho. Craig akachukua nepi chafu akaenda nayo nje. Mwanamume wa busara.

Philippa kanikuta bustanini nikimnyang'anya mbwa mpira. Akasema yeye ameliomba baraza la mji liulinde uwanja kama mali ya wananchi, kikao ni Jumatano ya wiki ijayo, tusifanye fujo kabla ya hapo. Nikacheka sana. Kikao! Eti tajiri wa helikopta ataogopa kikao chenye chai na biskuti!

Jumanne, 4 Februari

Nimetafuta wanajeshi kwenye kundi la kina mama wanaoimbia watoto ukumbi wa kanisa. Nilisimama kati ya wimbo wa bata na wimbo wa basi nikahutubia juu ya matajiri wanaoupora mpira wa wanyonge. Wakanisikiliza vizuri. Mmoja akauliza kama hapo uwanjani kuna meza ya kubadilishia nepi. Nikasema hakuna. Akauliza kama kwenye huo ukumbi wa vioo itakuwepo.

Nimewafuta wote. Mchana huohuo Mzee Clive akaniletea wazee kumi na wawili na goti moja zima kati yao. Hao ndio watu.

Mipira nimeificha chini ya kigari cha mtoto. Inanuka mate ya mbwa. Maisie anaipenda.

Alhamisi, 6 Februari

Siku ya aibu. Jioni klabu iliita mashabiki wamuulize kocha maswali. Tulikubaliana na Mzee Clive tumbane mpaka ajiuzulu hapohapo jukwaani.

Mzee akaanza vizuri. Akauliza kwa nini mshambuliaji akipata mpira anaurudisha kwa beki, beki kwa kipa, kipa anautazama kama barua ya kodi. Julian akatabasamu lile tabasamu la daktari wa meno, akasema shabiki wa kawaida ana haki ya kutoelewa soka la kisasa. Shabiki wa kawaida! Ukumbi ukaunguruma. Nikasimama nimmalize.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba Maisie amelala.

Maisie! Ambaye hajalala kwa wimbo, kwa gari, wala kwa dawa ya ufizi ya mama mkwe. Amelala fofofo begani kwangu kwa sauti ya Julian akieleza umbo la safu ya kiungo. Julian akanyamaza kunisubiri, na mtoto akaanza kukunja uso. Ningefanyaje? Nikamuomba aeleze zaidi. Akaeleza. Macho yake yakang'aa, maskini, nadhani hajawahi kuombwa. Kila alipokaribia kumaliza nikamwongezea swali. Kuhusu nafasi baina ya mistari. Kuhusu subira. Nilimuuliza hata falsafa yake, na watu wakaguna kama ng'ombe wenye gesi.

Mzee Clive kaniambia mlangoni kwamba marehemu baba amegeuka kaburini. Nikamwambia baba alichomwa na majivu yake yako nyuma ya goli la kusini, yeye mwenyewe ndiye aliyeyamwaga, kwa hiyo hana pa kugeukia. Akasema basi amepeperuka.

Maisie kalala saa nzima. Kocha bado lazima aondoke. Ila wangemrekodi kwanza.

Jumamosi, 8 Februari

Siandiki. Naandika.

Ishara tuliyokubaliana ni hii: nikimwinua Maisie juu ya kichwa changu, na kofia yake ya sufu ya manjano, kila mtu arushe. Rahisi. Inaonekana jukwaa zima. Nilipanga nimwinue mpira ukitoka nje, bila kumdhuru mtu. Mimi si mhuni, ni mama.

Mvua ya mawe. Sifuri kwa sifuri. Halafu beki wao akateleza. Mshambuliaji wetu, ambaye hajafunga tangu majani yalipodondoka mwaka jana, akauchukua, akamtoka mmoja, akabaki yeye na kipa! Kipa naye kaanguka! Goli tupu! Jukwaa zima tukasimama, na mimi nikafanya kile ambacho mzazi yeyote wa Ackerdale hufanya bao likinukia.

Nikamwinua mtoto.

Mvua ya mipira ya manjano. Sikujua wazee wale wana mikono vile. Mpira mmoja ukampiga mshambuliaji wetu sikioni, wa pili ukaingia golini, ule halisi ukasimama matopeni. Refa akapuliza filimbi. Wakaokota mipira kama wachuma viazi, mchezo ukaanza upya, na kabla sijapata pa kuficha uso wageni wakafunga. Moja bila.

Jukwaa langu mwenyewe likaniimbia. Watu niliokua nao! Mshushe mtoto, mshushe mtoto, mshushe mtoto wako chini! Kwa mapigo na makofi. Maisie alipiga makofi pia.

Baada ya mechi Vance kasema redioni kwamba sasa kila mtu ameona jukwaa la mashariki linakaliwa na watu wa aina gani, na vioo vije upesi. Nimempa bomu mkononi. Nilipotoka niliinama, nikapapasa chini ya kiti. Jina la baba bado lipo. Nikaondoa kidole haraka, kwa sababu naona aibu.

Jumapili, 9 Februari

Mama mkwe kapiga simu kuuliza kama ni kweli nimemrusha mtoto uwanjani. Nikasema sikumrusha, nilimwinua. Akasema mtaani wanasema nilimrusha.

Kisha Philippa akabisha hodi na bakuli la pai ya samaki. Hakuleta lawama hata moja, jambo ambalo nimeliona ni dharau. Akasema nije kikaoni Jumatano nizungumzie baba na kile kiti. Nikamjibu kwamba mimi si mtu wa makaratasi, na kwamba baba yangu si wa kuonyeshwa kama simba wa sarakasi. Akasema sawa, bakuli nirudishe nikipata nafasi. Akamfuta Maisie pua kwa ile skafu, akaondoka.

Pai ilikuwa nzuri. Chumvi kidogo mno. London.

Nimefikiri upya. Nitakwenda Jumatano. Kumuumbua! Nitasimama mbele ya baraza niseme huyu mwanamke hana haki ya kusema neno juu ya Ackerdale. Nikimwangusha yeye, chama nakiongoza mimi, na mimi ndiye nitakayemwangusha Vance. Moja moja, kama kumenya kitunguu.

Jumatano, 12 Februari

Baraza la mji. Zulia, chai, biskuti kama nilivyosema. Vance mwenyewe alikuwepo, meno meupe, na wanasheria wawili na picha ya ukumbi wa vioo ambamo watu wote ni warefu. Wanasheria wakasema jukwaa lile ni mali ya klabu tu, klabu ililijenga, haliwahusu wananchi. Philippa akajibu kwa sauti yake ya maktaba, ila akakubali hana shahidi wa zile enzi za zamani.

Nikasimama bila kuitwa. Nikasema kweli hana, atampata wapi? Huyu alikuwa wapi siku mmiliki wa zamani alipotoroka na jukwaa likafungwa kwa kuoza? Alikuwepo wakati baba yangu na wenzake wa kiwanda cha nguo walipobeba mbao mabegani? Alikuwepo siku Mzee Clive alipoanguka na ndoo ya rangi akavunjika goti? Kwa nini viti vya safu ya F ni bluu tofauti na vingine? Kwa sababu rangi iliisha, mama akaenda kuomba iliyobaki kwenye bwawa la kuogelea! Nani alishona nyavu? Babu yangu, jikoni, mama akipika akiziruka! Sasa anatoka mtu huko alikotoka, anakaa hapa, anasema kwa niaba yetu?

Nikachukua pumzi. Mwenyekiti wa baraza, mama mmoja wa miwani mizito, alikuwa anajifuta macho. Akauliza kama yupo wa kuthibitisha. Mzee Clive akapandisha suruali akaonyesha goti. Wanasheria wakanong'onezana. Philippa alikuwa ananitazama kama mtu aliyeona bao la dakika ya mwisho.

Nikajaribu kuwaambia kwamba sijamaliza. Nilikuwa sijafika hata kwenye skafu!

Mwenyekiti akasema yametosha. Wakapiga kura. Jukwaa lilijengwa na wananchi, linalindwa, na halibomolewi. Vance akatoka bila kugusa biskuti.

Nikalia kidogo. Ni uchovu.

Jumamosi, 15 Februari

Tumeshinda mbili moja! Julian kaachishwa kazi jana. Vance katangaza kwamba klabu inauzwa. Wote wawili, kazi yangu, na Philippa alisaidia hapa na pale kwa makaratasi. Jukwaa likaniimbia tena ule wimbo wa mtoto, safari hii kwa mapenzi. Nadhani.

Halafu nageuka, nani kaketi kushoto kwangu? Philippa. Chama kimempa kile kiti kilichokuwa wazi safu ya F, kama shukrani. Kwake! Akaniomba kwa heshima kama anaweza kuona jina la baba. Nikamwonyesha. Akapiga magoti kwenye maganda ya pai, akalisoma. Maisie akamshika skafu akaitafuna upande wa wapinzani mpaka ikatoka nyuzi. Mtoto ana akili.

Kwa muda mfupi niliona kwamba si mtu mbaya.

Jumapili, 16 Februari

Nimezinduka. Watu wa namna hii huanza na pai ya samaki, mwisho safu nzima inazungumza kama redio ya London. Tumewazuia wenye vioo wasitubague, sasa tumwachie kila mpita njia akae F? Haiwezekani. Safu ya F si ya kila mtu.

Kwa hiyo nimetunga mtihani. Anayetaka kukaa F lazima aujue mpira wa Ackerdale tangu mizizi. Swali la kwanza: nani alifunga bao letu la kwanza baada ya jukwaa kufunguliwa upya? Craig akaniuliza mimi. Nikasema. Akatazama kwenye simu, akasema siyo. Nikasema tena. Siyo.

Swali hilo nimelifuta. Mtihani wenyewe nimeufuta, una mambo mengi ya makaratasi.

Nina mpango bora. Jumamosi ijayo, Philippa akishakaa tu, safu nzima tutasimama na kumpa mgongo kwa pamoja, mpaka ahame mwenyewe. Mzee Clive ananiuliza watu watajuaje wakati umefika.

Nimemwambia ni rahisi. Nitamwinua Maisie.